Mshipa wa ziada upande wa kushoto wa kifua: je, upasuaji wa vali ya moyo bado unawezekana?

Swali: Daktari, pole na kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ahero, Kisumu. Mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 29 na mtoto mmoja, ana ugonjwa wa vali za moyo uliotokana na homa ya rumatiki ya utotoni. Tuliambiwa vali ya mitrali, ile ya upande wa kushoto wa moyo, imekaza na pia inavuja sana, vali ya trikaspidi ya upande wa kulia nayo inavuja, na alikuwa amepangiwa upasuaji. Wiki moja kabla ya siku yenyewe tukaelezwa kwamba eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, imeonyesha huenda ana mshipa mkubwa wa ziada upande wa kushoto, na upasuaji ukaahirishwa hadi apigwe picha ya CT. Jamaa wengine wanasema huo ni udhuru tu, wengine wanauliza mshipa huo umetoka wapi, na mama anataka ukatwe. Je, ni hatari? Upasuaji bado unawezekana? Na ni kweli kwamba asichomwe sindano mkono wa kushoto?

Jibu: Mwalimu, nianze na lile ambalo nadhani mama analingoja kwa hamu zaidi. Upasuaji bado unawezekana, na mshipa huo, ukiwa ndio ule ninaoudhania, kwa kawaida haukatwi. Kuahirisha kulikuwa uamuzi mzuri, na nitatumia sehemu kubwa ya jibu hili kueleza kwa nini nasema hivyo, kwa sababu jamaa wanaoona udhuru hapo wanastahili kupewa sababu wala si kukemewa. Mimi si mpasuaji. Ni daktari wa nusukaputi, yule anayesimama upande wa kichwa cha mgonjwa tangu anapolala hadi anapofikishwa chumba cha wagonjwa mahututi, na mishipa ya aina hii mara nyingi huanza kujionyesha mikononi mwetu kabla kisu hakijagusa ngozi.

Kwa watu walio wengi, damu iliyokwisha kutumika kichwani na mikononi hurudi moyoni kupitia mshipa mmoja mnene uitwao vena kava ya juu, ulio upande wa kulia wa kifua, na ile ya tumboni na miguuni hupanda kwa vena kava ya chini. Mishipa yote miwili humwaga damu katika chumba cha juu cha kulia cha moyo. Damu ya mkono wa kushoto na ya upande wa kushoto wa shingo huvuka kwanza kwa mshipa mlalo unaopita nyuma ya mfupa wa kidari, kisha huungana na ya kulia. Lakini hakuna aliyeanza maisha akiwa hivyo. Mtoto akiwa tumboni mwa mama huwa na mshipa wa juu wa kulia na mwingine wa kushoto, na ni karibu na wiki ya 8 ya ujauzito ndipo ule mlalo hujitengeneza, damu ikapata njia ya mkato, na wa kushoto ukanywea kwa kukosa kazi. Kinachobaki ni uzi mwembamba nyuma ya chumba cha juu cha kushoto, ambao John Marshall wa Uingereza aliueleza mwaka wa 1850 na ambao bado unaitwa kwa jina lake.

Kwa watu kati ya 3 na 5 katika kila 1,000, mshipa huo wa kushoto haunywei. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilikuta watu 1,155,574 katika Kaunti ya Kisumu. Ikiwa kiwango hicho ndicho kilichopo hapa pia, basi kaunti hiyo peke yake ina watu kati ya 3,400 na 5,800 wenye mshipa kama wa mdogo wako, na karibu wote watazeeka bila kuujua. Hakuna sindano, kazi nzito wala jicho la mtu lililouleta. Amezaliwa nao, na haukusababisha ugonjwa wake wa vali. Ule ulitokana na maambukizi ya koo ya utotoni, na mambo haya mawili yamekutana katika kifua kimoja kwa bahati tu.

Swali linalofuata ni damu ya mshipa huo inaishia wapi. Kwa watu tisa hivi katika kila kumi, huteremka ukingoni mwa kushoto wa moyo, ikaingia katika sinasi ya koronari, yaani mfereji mfupi ulio nyuma ya moyo unaokusanya damu iliyotumiwa na misuli ya moyo wenyewe, na kutoka hapo ikamwagika katika chumba cha juu cha kulia. Kwa hiyo imefika palepale ilipopaswa kufika, ila imepitia mlango wa uani. Mfereji huo, ambao kwa kawaida upana wake haufiki sentimita moja, hulazimika kupanuka ili kubeba mzigo ambao haukuwa wake, na upanuzi huo ndio aliouona mpiga eko.

Hapa ndipo napenda nikutahadharishe, maana inawezekana kabisa kwamba mshipa huo haupo. Barua yako inasema vali ya trikaspidi inavuja. Vali hiyo ikivuja kwa muda mrefu, presha ya chumba cha juu cha kulia hupanda, na presha hiyo peke yake yaweza kupanua sinasi ya koronari hata kwa mtu mwenye mishipa ya kawaida. Picha ya eko ya kawaida haitofautishi mambo haya mawili vizuri. Kuna jaribio rahisi linaloweza kufanywa hata kabla ya CT: maji ya chumvi hutikiswa ndani ya bomba la sindano hadi yawe na viputo vidogo sana, kisha huingizwa kwa mkono wa kushoto huku eko ikiangalia. Kwa mtu wa kawaida viputo huonekana kwanza katika chumba cha juu cha kulia. Kwa mwenye mshipa wa kushoto, sinasi ya koronari humetameta kwanza, ndipo chumba cha kulia kifuate. Vikionekana katika chumba cha juu cha kushoto papo hapo, basi tuna jambo jingine ambalo nitalirudia. Kisha jaribio hurudiwa kwa mkono wa kulia, nalo hutuambia kama vena kava ya juu ya kulia ipo. Sindano mbili na dakika chache, na wala sijui kwa nini halifanywi mara nyingi zaidi.

Sasa nije kwenye sababu ya kuahirisha. Ili vali itengenezwe, moyo hufunguliwa ukiwa umesimama na ukiwa hauna damu ndani, na kazi yake hufanywa na mashine ya moyo na mapafu, ambayo imekuwa ikitumika kwa upasuaji wa kufungua moyo tangu John Gibbon alipofaulu nayo kule Philadelphia tarehe 6 Mei 1953. Mipira miwili, yaani kanula, huingizwa katika vena kava ya juu na ya chini, utepe hukazwa kuizunguka kila moja, na damu yote inayorudi huelekezwa mashineni. Wewe ni mtu wa Ahero, Mwalimu. Umeona mkulima wa mpunga anavyoziba milango ya mifereji ili kipande kimoja cha shamba kikauke apate kutengeneza tuta. Akiwa ameziba miwili anayoijua, na kuna wa tatu unaoingilia nyuma, atashinda kutwa nzima anakanyaga maji na hajui yanatoka wapi.

Haya si ya kufikirika kwangu. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja, tulimlaza mezani kijana aliyekuja kutengenezewa vali hizihizi mbili. Upande wa kulia wa shingo yake ulikuwa na kovu gumu, kwa hiyo niliuingiza mrija wa shingoni upande wa kushoto. Waya wa kuongozea ulipopita, mapigo ya moyo yalirukaruka kidogo kwenye kioo, jambo ambalo hutokea, nikauvuta nyuma yakatulia. Damu ilitoka nyeusi na presha yake ilikuwa ya chini, nikaridhika kwamba nimo ndani ya vena wala si ateri. Mpasuaji alifungua kidari, na baadaye alikiri kwamba aliuona mshipa mlalo ukiwa mwembamba kama kamba ya kiatu, akaupita. Kanula zikaingia, tepe zikakazwa, moyo ukasimamishwa, chumba cha juu cha kulia kikafunguliwa, na damu ikawa inabubujika kutoka kwenye mdomo wa sinasi ya koronari kama kisima. Ikawa ni kufyonza, kusimama, kuangalia, kufyonza tena, huku vali ikiwa chini ya maji mekundu na saa ya moyo uliosimama ikiendelea kuhesabu. Hatimaye kanula ya tatu ikatafutwa kabatini na kuingizwa katika mshipa wa kushoto. Kijana yule alipona na akaenda nyumbani, ila alikaa kwenye mashine muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Jioni, picha ya eksirei ya kifua ilionyesha mrija wangu ukiteremka wima upande wa kushoto wa moyo pasipo kuvuka kwenda kulia. Nilifungua faili. Katika mstari wa mwisho wa ripoti ya eko, karibu na sahihi, kulikuwa na maneno manne tu: sinasi ya koronari imepanuka. Ripoti ile nilikuwa nimeisoma usiku uliotangulia, lakini niliishia kwenye vipimo vya vali.

Kwa hiyo daktari wenu, ambaye aliusoma mstari kama ule na akasimamisha kila kitu wiki moja kabla, amefanya lile ambalo mimi sikulifanya.

Picha ya CT itajibu maswali matatu, na mpango wote wa siku ya upasuaji unategemea majibu hayo. La kwanza ni mshipa wa kushoto unamwaga wapi. La pili ni kama vena kava ya juu ya kulia ipo na ina unene wa kutosha. La tatu ni kama ule mshipa mlalo wa kuunganisha pande mbili upo, kwa sababu kwa wengi wenye hali hii haupo au ni mwembamba mno.

Tuseme mshipa unamwaga katika sinasi ya koronari, wa kulia upo, na daraja la kuunganisha ni pana. Hii ndiyo hali nyepesi. Mpasuaji huuzungushia mshipa wa kushoto utepe, akaubana kwa dakika chache huku mimi nikisoma presha ya mishipa ya shingo juu yake. Presha ikibaki chini, maana yake damu imepata njia ya kuvuka, na mshipa waweza kubanwa kwa muda wote wa kazi kisha ukaachiliwa. Presha ikipanda, hatubani, kwani damu iliyokwama juu ya utepe hufurisha uso na kuunyima ubongo mtiririko wake. Hapo kanula ya tatu huingizwa ndani ya mshipa wa kushoto wenyewe, au huingizwa kupitia mdomo wa sinasi, na kuunganishwa na nyingine kwa kiungio chenye matawi mawili. Hakuna mashine mpya inayohitajika. Kinachohitajika ni kanula ya saizi inayofaa iwe imeshatolewa kwenye karatasi yake mapema, na mtaalamu wa mashine awe ameshafanya hesabu ya mirija yake. Wapo wapasuaji wanaopenda kuweka kifyonzaji tu kwenye mdomo wa sinasi na kuendelea na kazi. Kwa mshipa mdogo hutosha, kwa mkubwa ni kujitesa.

Yapo mazingira ambayo mshipa huu huleta shida ndogo sana. Mtu ambaye ni vali ya mitrali pekee iliyoharibika anaweza kufanyiwa kazi kupitia chumba cha juu cha kushoto moja kwa moja, cha kulia kisifunguliwe kamwe, na damu ya mshipa wa kushoto ikaendelea kuingia cha kulia na kuvutwa mashineni pamoja na nyingine. Mdogo wako hayumo katika kundi hilo, kwa sababu ya trikaspidi yake. Chumba cha kulia lazima kifunguliwe, na ndiyo maana jambo ambalo kwa mwingine lingekuwa tanbihi, kwake limekuwa sababu ya kusubiri.

Ikiwa picha itaonyesha kwamba vena kava ya juu ya kulia haipo, jambo ambalo ni nadra, basi mshipa wa kushoto ndio njia pekee ya damu ya kichwa na mikono yote miwili. Mama ahakikishiwe kwamba katika hali hiyo hakuna mpasuaji mwenye akili timamu atakayeukata wala kuubana bila kuuwekea kanula. Na ikiwa itaonyesha kwamba unamwaga katika chumba cha juu cha kushoto, hapo kuna hitilafu halisi ya kurekebishwa, kwa kuwa damu isiyo na oksijeni inachanganyika na ile safi inayoelekea mwilini, na donge au kiputo cha hewa kinaweza kupita bila kuchujwa na mapafu na kufika kwenye ubongo. Hurekebishwa katika upasuaji huohuo, kwa kuuelekeza mshipa upande wa kulia kwa kiraka, au, kama daraja ni pana vya kutosha, kwa kuufunga. Hiyo ndiyo hali ambayo matakwa ya mama yangekuwa na msingi.

Liko jambo jingine ambalo halionekani na mgonjwa wala jamaa, nalo ni namna ya kuusimamisha moyo. Dawa baridi yenye potasiamu nyingi, kadioplejia, hupitishwa katika mishipa inayolisha misuli ya moyo ili itulie na isidhurike, na kwa aina nyingi za dawa hiyo hurudiwa kila dakika 20 hivi. Yaweza kuingizwa kwa njia ya mbele, kupitia mzizi wa aota, yaani ateri kuu inayotoka moyoni, au kwa njia ya kinyumenyume, kupitia sinasi ya koronari ikiwa imezibwa kwa puto dogo. Wapasuaji wengi wa vali wanaipenda hiyo ya kinyumenyume kwa kuwa haikatizi kazi yao. Kwa mwenye mshipa wa kushoto haiaminiki: puto halizibi mfereji uliopanuka, na dawa, badala ya kuingia kwenye misuli, hupanda mshipani na kupotea. Moyo utaonekana umetulia, kumbe sehemu yake haijapata kinga. Mdogo wako, vali yake ya aota ikiwa haivuji, atapewa kwa njia ya mbele na hakuna kitakachopungua. Kama inavuja, dawa inayoingizwa kwenye mzizi wa aota hutumbukia chini katika chumba cha kushoto badala ya kuingia mishipani, na itabidi aota ifunguliwe na dawa itiwe moja kwa moja kwenye milango miwili ya mishipa ya moyo. Hujataja vali ya aota katika barua yako; muulize daktari wenu.

Kisha kuna umeme wa moyo. Kituo kinachopitisha mapigo kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini kimekaa katika pembe ndogo kati ya vali ya trikaspidi na mdomo wa sinasi ya koronari, na mdomo huo ukipanuka, pembe hiyo huvutika. Nyuzi za kutengenezea trikaspidi hupita karibu sana na hapo. Mpasuaji anayejua huziacha mbali kidogo, lakini hata kwa mkono mzuri baadhi ya wagonjwa huamka na mapigo ya polepole, ambayo kwa wengi hurudi yenyewe baada ya siku chache huku waya za muda zikisaidia. Wachache huhitaji pesimeka ya kudumu, yaani kifaa cha umeme cha kuendesha mapigo. Kwa kawaida kifaa hicho huwekwa chini ya mtulinga wa kushoto, na kwa mwenye mshipa huu waya zake zingepita njia ndefu yenye kona mbaya. Kama vena kava ya kulia ipo, upande wa kulia ndio wa kutumiwa. Afadhali jambo hilo liandikwe leo kuliko kugunduliwa saa nane usiku na daktari wa zamu.

Nimeshapata barua nyingine mbili mwaka huu kutoka kwa watu walioambiwa wasubiri puto badala ya upasuaji, na huenda mtu atawashauri vivyo hivyo. Puto, ambalo Kanji Inoue wa Japani alilianzisha miaka ya 1980, hupitishwa kutoka mshipa wa kinena hadi kwenye vali ya mitrali iliyokaza na kuipanua, na kwa vali laini isiyovuja ni tiba nzuri sana. Vali ya mdogo wako inavuja sana tayari, na puto lingezidisha uvujaji huo. Nitaje tu, kwa kuwa yapo maumbile mengine ya jamii hii yanayoweza kulikwaza puto, kwamba wapo watu ambao ni vena kava yao ya chini iliyokatika: damu ya miguuni hupitia mshipa wa ubavuni mwa uti wa mgongo na kuingilia juu, mishipa ya ini ikimwaga moyoni peke yake. Kwao, mrija unaopandishwa kutoka kinena haufiki kwa njia iliyonyooka, na daktari hulazimika kutafuta njia nyingine, kwa mfano ya shingoni. CT ya mdogo wako iangalie na huko chini, maana mashine bado haijawashwa na ni rahisi kulipanga hilo sasa.

Kuhusu picha yenyewe: atapimwa kwanza damu ya kuangalia figo, kwa sababu ya dawa ya kung'arisha mishipa, na kama kuna uwezekano wowote wa ujauzito aseme kabla, si baada. Ombeni idhini ya SHA, bima ya afya ya serikali, mapema kupitia ofisi ya bima ya hospitali, kwa kuwa nimeona wagonjwa wakirudishwa mlangoni kwa karatasi moja. Upasuaji wa kufungua moyo unafanyika upande wetu huu pia, Tenwek kule Bomet na Moi kule Eldoret, mbali na Nairobi. Popote mtakapokwenda, swali la kumuuliza mpasuaji ni moja: damu ya mshipa wa kushoto utaipeleka wapi chumba cha kulia kikiwa wazi? Akikujibu kwa sentensi moja iliyonyooka, tulieni.

Niseme kweli, Mwalimu: katika mambo yote ya kumnyima usingizi mdogo wako, mshipa huu naupa nafasi ya tatu. Ya kwanza ni aina ya vali. Kama ya kwake yaweza kurekebishwa bila kubadilishwa, hilo ndilo bora, ingawa vali za rumatiki zilizokakamaa mara nyingi hukataa. Akiwekewa ya chuma, itadumu, lakini atameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kikae kati ya 2.5 na 3.5 kwa vali ya chuma ya mitrali. Na wafarini yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Dawa mpya za kuzuia damu isigande zinazotangazwa kuwa hazihitaji kupimwa hazifai kwa mwenye vali ya chuma. Akiwekewa ya mnyama, huenda asihitaji wafarini kwa muda mrefu, lakini kwa mwanamke wa miaka 29 itachakaa mapema na kifua kitafunguliwa tena. Kama anataka kuzaa, mazungumzo hayo yafanyike sasa, yeye mwenyewe akiwepo, wala yasifanywe na kaka zake kwa niaba yake. Ya pili ni sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne, ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi, ambayo wengi huiacha baada ya upasuaji wakidhani vali mpya imeifuta. Haijaifuta.

Sasa mkono wa kushoto. Kumpima presha na kumtoa damu mkono huo hakuna ubaya wowote, hata leo. Dripu nayo haina ubaya ikiwa mshipa unamwaga upande wa kulia. Lakini kwa kuwa bado hamjui, hadi CT itoe jibu ni heri dripu zitiwe mkono wa kulia, na muuguzi ahakikishe hakuna kiputo cha hewa katika mrija. Isipokuwa siku ya CT na siku ya jaribio la viputo: hapo mkono wa kushoto ndio unaotakiwa, na asikatae akidhani ni mimi niliyemkataza. Mrija mkubwa wa shingoni au wa chini ya mtulinga usiwekwe upande wa kushoto na mtu ambaye hajaambiwa. Kwa hiyo mkipata majibu, mwombe daktari aandike kwa kalamu nyekundu juu ya jalada la faili, nje, palipo na jina lake, kwamba ana vena kava ya juu ya kushoto na inamwaga wapi, na ile diski ya picha muitunze nyumbani pamoja na kitabu chake cha kliniki.